Chaja Niliyoichagulia Pijo ya Baba

Amalemba,
S.L.P. 2714,
Kakamega.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Jairus,

Mulembe, mdogo wangu. Barua hii ikukute u mzima huko Kanada, wewe na wifi Everlyne na mabinti zenu wawili. Je, mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia hata kufunga kamba za viatu ni kazi, na tangu hapo hujasema neno. Usininyamazie jambo hilo. Mimi ni dada yako, na nitaendelea kuuliza mpaka unijibu.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri na analala vizuri, ila macho ndiyo yanazidi kumwacha. Sasa ananitambua kwa hatua zangu, si kwa uso. Mvua inanyesha kila siku ifikapo saa tisa alasiri, na walimu wenzangu wamejifunza kumaliza somo la mwisho mapema kwa sababu mabati hayaruhusu mtu kusikika. Mahindi ya Lugari yameanza kukauka shambani. Msimu huu tutapata.

Nilijaribu kukupigia simu Jumamosi iliyopita, mara mbili, nikaambiwa hupatikani. Nikajua uko kazini. Baadaye nikaona afadhali niandike, kwa maana yaliyotokea siku hiyo yangenitoa machozi kwenye simu, nawe ungedhani kuna msiba. Hakuna msiba. Keti mahali palipo na nafasi, usome polepole.

Unakumbuka tulikubaliana Pijo iuzwe. Tangu baba atuache, gari limekaa tu kwenye kile kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Fundi Erastus wa Khayega alitia picha ya gari kwenye kundi la simu la watu wapendao magari ya zamani, akaandika: Pijo 404 ya marehemu mwalimu Nehemiah wa Lugari. Mwezi wa Julai mtu mmoja akanipigia. Alijitambulisha kwa jina la Kipchirchir, akasema anatoka upande wa Moi's Bridge. Hakuuliza rangi wala matairi. Alisema atakuja Jumamosi ya kwanza ya Septemba pamoja na mama yake, na ana ombi moja tu: gari liwake kwa ufunguo. Lisisukumwe, wala lisiazimwe betri ya gari lingine. Nilimuuliza kwa nini, akasema atanieleza akifika. Nilichukulia kwamba ni maringo ya watu wenye magari ya zamani.

Sasa Jairus, ombi hilo lilikuwa gumu kuliko alivyojua. Betri mbili zilikuwa zimekwisha kutufia mikononi.

Ya kwanza aliiua mama. Sikuwahi kukuambia. Kila alasiri anapenda kuingia kiti cha nyuma cha gari, afunge mlango, anyooshe mkono mbele afungulie redio ya baba, asikilize matangazo ya vifo kwa Kiluhya. Redio ya nyumbani ipo, tena inasema vizuri zaidi, lakini anasema ile ya kwenye gari ndiyo anayoiamini. Betri ikanywewa mpaka ikakauka nguvu, ikakaa hivyo miezi mitatu, na Erastus alipoifungua akanionyesha ukungu mweupe ulioota kwenye vyuma vya ndani. Akasema betri ikilala na njaa muda mrefu haiamki tena.

Ya pili tuliiua mimi na Erastus. Aliniletea chaja ya gereji yake, sanduku la chuma zito kama jiwe la kusagia, akaiunga akaenda zake matangani Mumias. Matanga yakachukua siku tatu. Mimi sikugusa kitu, nikidhani mambo ya fundi hayaingiliwi. Aliporudi, maji ya betri yalikuwa yamechemka yote, na asidi ilikuwa imekula rangi chini ya boneti. Erastus aliomba msamaha hadi nikamwonea huruma. Ile chaja haijui kuacha, alisema. Inasukuma tu, betri iwe tupu au iwe imejaa.

Kwa hiyo tulipoweka betri ya tatu, mpya, nilikuwa na wiki tano na hofu. Nikajiuliza hivi kweli mimi ninayefundisha sayansi darasa la saba nimeshindwa na kisanduku cha maji na vyuma.

Wewe ulinitumia picha za chaja saba, na nakushukuru. Lakini nilipomwonyesha Chebet, huyu binti mpangaji wa jirani anayefundisha umeme kwenye chuo cha ufundi, alizipitia zote kwa kidole kisha akacheka kidogo. Alinionyesha maandishi madogo chini ya picha. Stima ya huko kwenu ni volti mia moja na ishirini, ya kwetu ni mia mbili arobaini. Ningeiunga chaja yako kwenye soketi ya hapa, ingekufa kabla ya kusalimiana na betri. Basi tafadhali usitume. Moyo wako nimeuona.

Chebet alikubali kunisindikiza mjini. Njiani nilimuuliza kwa nini tusing'oe tu waya mmoja wa betri, gari likae bila kunyonywa. Alisema hilo ni shauri zuri kwa mtu mwingine, ila mimi nina mama na redio yake. Kuhusu chaja ya jua, alitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa msitu, akaniuliza kama nalionaga jua mwezi wa Agosti zaidi ya saa nne kwa siku.

Dukani muuzaji alikuwa kijana mmoja anayeitwa Kiprop. Kwanza alituletea kubwa kuliko zote, yenye nguvu za kuwasha lori. Chebet akairudisha. Alimweleza kwamba hatutafuti ya kulisha kwa pupa. Tunataka ya kukaa na betri siku zote, iilishe polepole, ijue imejaa, iache, kisha iendelee kuichungulia. Ampea nne zinatosha kabisa, alisema, na lazima iwe inakubali betri za kawaida za maji. Kiprop akaweka mbili juu ya meza. Moja ilikuwa na kioo cha rangi ya samawati, namba zinazocheza na vitufe vingi. Nyingine ilikuwa ndogo, kiasi cha Biblia ya mfukoni, yenye vitaa vitatu tu. Jairus, nikuambie ukweli, macho yangu yalikuwa kwenye ile ya kioo.

Chebet akamwomba Kiprop aziunge zote mbili kwenye betri ya dukani. Zikawaka. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alinyoosha mkono akazima soketi, akahesabu hadi kumi, akaiwasha tena. Ile ndogo ikaendelea na kazi yake. Ile ya kioo ikawaka vizuri, ikaandika maneno, ikakaa. Tulingoja. Ikaendelea kukaa, kama mgeni aliyesimama mlangoni akisubiri kukaribishwa. Chebet akasema, “Mwalimu, kwenu Amalemba stima hupotea mara ngapi kwa wiki?”

Nikasema mara tatu, nne mvua ikizidi.

“Basi hii kila mara itakungoja uje kubonyeza. Na siku ukisahau, betri italala njaa huku wewe unaona waya umeungwa.”

Hata Kiprop alikuwa hajui hivyo. Alizitazama chaja zake kana kwamba ndiyo kwanza anazifungua. Kisha Chebet akavigeuza makusudi vibanio vya ile ndogo, chekundu mahali pa cheusi. Haikutoa cheche. Ilikataa tu, taa nyekundu ikawaka na kuzima mpaka alipovirudisha sawa. Nikaichukua hiyo.

Tuliifunga jioni ile kabla giza halijaingia. Chebet aliniachia na mita ndogo ya kupimia, akanifundisha: betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti kumi na mbili na nukta saba hivi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa naenda kibandani na kitochi, natazama. Siku ya kwanza taa ya manjano, inakula. Siku ya pili, kijani. Nikapeleka mkono nikaigusa betri, kwa maana nilikumbuka ile iliyochemka. Ilikuwa baridi kama mtungi.

Mama alikuwa akiniuliza kila siku, “Bado inakula?”

“Imeshiba, mama. Imekaa tu.”

“Na hakuna mtu ameikataza?”

“Hakuna. Imeacha yenyewe.”

Siku nyingine nilimkuta ameingia kibandani mwenyewe, ameweka kiganja chake juu ya ile chaja kama anayempima mtoto homa. Akaniambia ameishi miaka themanini na nne na watu wanaojua wameshiba amewaona wachache sana. Alipomaliza redio yake na kuizima, taa ilirudi manjano kwa muda, halafu ikawa kijani tena. Wiki ya tatu radi ilipiga transfoma ya huku kwetu, tukakaa gizani siku moja na nusu. Stima iliporudi nilikuwa shuleni. Nilitoka kipindi cha mwisho nikikimbia kwenye matope kama msichana, nikafika, nikainua boneti. Kijani. Hakuna aliyebonyeza kitu. Jairus, mimi nafundisha mambo haya ubaoni, mishale na duara, na nilisimama pale na mwavuli nikiitazama ile taa.

Basi Jumamosi ikafika. Erastus alikuja mapema, akasafisha kabureta, akatia petroli mpya, akaoga hapa hapa kwetu akavaa shati jeupe. Mimi nilikuwa nimechinja ingokho, kuku wa wageni. Saa tano hivi pikapu ikaingia. Akashuka mwanamume wa makamo, mpole, kofia mkononi, akamzungukia mama yake akamsaidia kushuka. Mama mrefu, mwembamba, mwenye fimbo. Alisalimia watu wote lakini macho yake yalikuwa kwenye kibanda.

Sikuwapa hata chai kwanza. Nilitoa vibanio vya chaja, Erastus akakaa ndani, akazungusha ufunguo. Stata iliita mara moja, mara mbili, kwa nguvu, bila kulegea. Ikashika. Ile sauti unaikumbuka, ya chini, kama mtu anayekohoa kabla ya kuhutubia. Mama yetu alikuwa amekaa kibarazani. Aliinua kichwa.

Yule mama mgeni hakwenda mbele ambako sisi sote tulikuwa. Alizunguka nyuma. Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono, akapapasa kile kiti kirefu, akasimama hivyo hivyo ameinama na mabega yake yakaanza kutikisika. Kipchirchir akamshika kiwiko. Nilidhani ni moshi umemkaba.

Kisha yule mama akauliza, “Mama Awinja yuko hai?”

Alimwita mama kwa jina langu, nami sikuwa nimemwambia kwamba mama bado yuko. Kumbe mama alikuwa ameshainuka, anakuja kwa kufuata ukuta, na alipofika katikati ya ua alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu baba afariki, “Hiyo ni sauti ya Cherono.”

Walikumbatiana hapo hapo, injini ikinguruma. Erastus alitaka kuizima, Kipchirchir akamwashiria aiache.

Jairus, hili ndilo nililolibeba wiki nzima. Mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne Cherono alikuwa mke mdogo aliyeolewa karibu na Turbo, ng'ambo tu ya shamba letu. Uchungu ulimshika siku ya mvua kubwa, mume hayupo, mtoto amekaa vibaya. Baba alimpakia kwenye Pijo kumleta hospitali Kakamega, na mama akakaa naye nyuma. Hawajafika Malava gari likazimika kwenye matope. Watu wa pale wakajitokeza wakasukuma. Likawaka, likazimika tena, wakasukuma tena. Cherono anasema kila lilipozimika alijua anakufa, na kila lilipowaka alijua ataishi. Mara ya tatu mtoto hakungoja tena. Mama alimgeuza kwa mikono yake, juu ya kile kiti, akampokea. Mama yetu! Ambaye mimi nilidhani ninamjua. Nilikuwa bweni wakati huo, na sikuwahi kusimuliwa.

“Kwetu Kipchirchir ni mtoto aliyekuja kwa haraka,” Cherono aliniambia. “Ulidhani jina lake alilitoa wapi?”

Nilimtazama yule mwanamume, miaka arobaini na mmoja, kofia mkononi, nikaelewa kwa nini alitaka liwake kwa ufunguo. Alisema mama yake amezeeka, moyo wake si mzima sana, na hakutaka alisikie likisukumwa tena.

Na wewe ulikuwepo, Jairus. Mama ndiye aliyelisema, nikamwomba alirudie. Ulikuwa na miaka miwili, hakuna aliyebaki nyumbani wa kukushika, wakakulaza kwenye kiti cha mbele karibu na baba, ukalala safari yote. Mtoto alipotoka hapakuwa na nguo kavu ndani ya gari isipokuwa shali ya manjano iliyokufunika. Mama aliivuta kwako akamfunika yeye. Cherono anasema shali ile ilibeba watoto wake wanne waliofuata mpaka ikawa nyuzi. Kipchirchir ameniomba nikuambie asante. Nimekuambia.

Nilimuuliza mama jioni kwa nini hakutusimulia. Alisema hakuwa Cherono peke yake. Walikuwa wengi. Wengine walifika hospitali, wengine hawakufika. Alijaribu kuwahesabu kwa vidole, akataja majina, akafika kumi na saba akaacha. Baba alikuwa amemwomba wasiyazungumze, kwa sababu ya wale ambao hawakufika. Hakutaka nyumba zao zisikie wengine wakisifiwa. Na sisi tukakua tukidhani baba alilipenda gari kupita kiasi.

Baada ya chakula Kipchirchir alisema hana haki ya kulichukua. Kama tunataka libaki hapa, yeye ameshapata alichokuja kukitafuta. Nikamgeukia mama, ingawa mimi na wewe tulikwisha kukubaliana.

Mama akamwambia, “Ichukue. Hapa inakaa tu. Na ubebe na ile kitu yake inayojua kushiba.”

Basi nilimwonyesha kila kitu: chekundu kwa chanya, cheusi kwenye chuma cha gari, atazame maji kila mwezi, wala asiogope stima ikipotea. Alisikiliza kama mwanafunzi wa mtihani. Redio ya baba Erastus aliing'oa, akaiunga kwa kijibetri chake kidogo mezani kwa mama, na matangazo ya vifo yanaendelea.

Kabla hawajaondoka Kipchirchir aliomba awapeleke akina mama mpaka Khayega na kurudi. Cherono akaingia nyuma, mahali pake. Mama naye akawa anapapasa mlango wa nyuma, kama kawaida. Kipchirchir akamshika mkono taratibu, akamleta mbele, akamkalisha, akamteremshia kioo. Mimi nilibanana na Cherono.

Tulipopita Kakamega mjini tukaanza kushika barabara ya Khayega, upepo ukaingia wa nguvu, una harufu ya miti iliyonyeshewa. Leso ya mama ikamtoka kichwani, hakuishika. Aligeuza uso kutufuata sisi wa nyuma, ingawa yeye haoni vizuri, akasema, “Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa huko nyuma na hao wamama. Kumbe huku mbele kuna upepo.”

Nakuachia hapo, ndugu yangu. Mpe wifi Everlyne salamu zangu, na mwambie mbegu za mrenda nilizomwahidi ziko tayari. Tracy na Mitchel nawabusu. Uwasomee barua hii kwa Kiswahili, usiwatafsirie, waulize wasipoelewa. Mama anakusalimu, Erastus anakusalimu, na Chebet anasema umsamehe kwa kuzikataa zile saba. Mungu wa baba yetu akushike mkono uendako na aurudishe mgongo wako katika nguvu. Uje mama akiwa bado anazitambua hatua zetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,
Awinja